Programu ya kupokea mzigo wa dagaa: nyota tatu, ya nne naidai

Nanunua dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, na programu hii nimeitumia miezi minane. Nyepesi, na mtandao ukikata inaendelea kurekodi. Shida ni faili linalotoka humo. Juzi safu ya "uzito" imehama kimyakimya kutoka kilo kwenda gramu, jina lilelile, na faili halina namba ya toleo popote, yaani namba ya kuonyesha kuwa mpangilio wake umebadilika. Gunia la kilo 40 likasomeka 40,000. Mhasibu wangu akanipigia anacheka, eti nimenunua ziwa zima.

Jamani, andikeni toleo ndani ya faili lenyewe! Mkiongeza safu tu, 1.2 iwe 1.3. Mkibadili maana ya safu ya zamani, hiyo ni 2.0, ili kompyuta yangu ione namba ya mbele imebadilika na ilikatae faili mapema. Namba ya programu siyo namba ya muundo wa data, yaani safu zilizomo kwenye faili na maana zake. Nimewaandikia mara mbili, jibu "tunalifanyia kazi".