Kilichovifanya Vifaa vya Kusomea Vitabu Vipendwe: Uchambuzi kutoka Mikindani

Ndugu watazamaji, leo nimekaa barazani hapa Mikindani saa saba mchana, jua likiwa la utosi, na saa hii nimeichagua makusudi. Mkono wa kushoto nimeshika simu ambayo mwangaza wake nimeupandisha hadi mwisho, na bado ninachokiona kiooni ni uso wangu na makuti ya mnazi ulio nyuma yangu. Mkono wa kulia nimeshika kifaa cha kusomea vitabu cha inchi sita, na maandishi yake yanasomeka kama ya gazeti.

Kinachofanya kazi hapa ni wino wa kielektroniki. Chini ya kioo hiki kumepangwa vifuko vidogo mno, na ndani ya kila kimoja mna kimiminika chenye chembe nyeupe na nyeusi zinazobeba chaji za umeme zinazopingana, hivyo umeme unapopita, rangi moja hupanda juu na nyingine huzama. Zikishatulia hazidai umeme tena hadi ugeuze ukurasa, na ndiyo sababu chaji hukaa hata wiki kadhaa. Nasogeza kamera: mmeona kioo kilivyogeuka cheusi mara moja kabla ya ukurasa mpya kutokea? Huo si ubovu. Chembe zinapangwa upya ili kivuli cha ukurasa uliopita kisibaki.

Hata hivyo, wino huu peke yake haukuwavuta watu. Kampuni ya E Ink, inayoutengeneza wino huu, ilianzishwa mwaka 1997 na watu waliotoka chuo cha MIT cha Marekani, na mwaka 2004 Sony ikautumia katika kifaa chake cha kusomea vitabu, Librié, kilichouzwa Japani. Kioo kilikuwa kizuri, lakini vitabu vyake vilijifunga baada ya siku 60, na sidhani kama yupo msomaji anayefurahia kunyang'anywa kitabu alichokilipia.

Mabadiliko yalikuja Marekani tarehe 19 Novemba 2007, kampuni ya Amazon ilipotoa kifaa chake cha kusomea vitabu, Kindle, kwa dola 399, kikamalizika kwa saa tano na nusu. Wengi husifu kioo chake, lakini mimi naamini jambo kubwa lilikuwa duka lililowekwa ndani ya kifaa chenyewe: vitabu zaidi ya 88,000, vikishushwa kwa mtandao wa simu bila kompyuta, bila kebo na bila ada ya mwezi, kila kimoja kwa muda usiozidi dakika moja hivi. Sisi wa Mtwara na Lindi, ambao huagiza kitabu Dar es Salaam kikapakiwa kwenye basi, kisha tukakifuata stendi, tunajua vizuri thamani ya kuondolewa safari hiyo. Bei nayo ilishuka, toleo la mwaka 2010 likauzwa kuanzia dola 139, na Mei 2011 Amazon ikatangaza kwamba inauza vitabu vingi zaidi vya Kindle kuliko vya karatasi.

Sasa nawaonyesha upande unaoniumiza. Vitabu vyangu vingi vya Kiswahili ni PDF zilizopigwa skani, na ukurasa wa A4 ukibanwa kwenye inchi sita, herufi huwa kama punje za ufuta. Ukiukuza, unausukuma huku na huku kila mstari. Faili za EPUB, aina nyingine ya faili za vitabu, hazina shida hiyo, kwa kuwa maneno hujipanga upya kulingana na kioo. Kwa hiyo mwanafunzi anayesomea PDF za chuo namshauri atafute kioo cha inchi kumi au kishikwambi, ila msomaji wa riwaya kifaa hiki kidogo, hata kilichotumika, kitamtosha kabisa.

Ukinunua kilichotumika, usikubali kuonyeshwa picha ya mwanzo tu, kwa sababu wino huu hubakiza picha hata kifaa kikiwa hakina chaji. Kiwashe, geuza kurasa kumi mbele ya muuzaji, na ukiona mstari usiobadilika, huenda kioo kimepasuka kwa ndani, mrudishie.