Mzani wa jikoni wa shilingi 18,000 na watoto 11 wa Zuri

Niliununua kwa ajili ya keki. Mzani wa dijitali wa kawaida, uso wa kioo, betri mbili ndogo, mwisho wake kilo 5, kutoka duka la vyombo hapa Moshi mjini. Keki nimepika mbili tu. Mwezi wa saba, baridi ndiyo hiyo, Zuri, German Shepherd wetu, akazaa watoto 11. Chuchu anazo 10, na zile mbili za kifuani maziwa yake ni ya kubahatisha.

Kila mtoto nilimfunga uzi wa sufu wa rangi yake shingoni, asubuhi na jioni anaingia kwenye bakuli la plastiki juu ya mzani. "Leo unapima ngano au nyama?" baba watoto akanitania. Kesho yake hakutania tena. Kijani alizaliwa na gramu 342. Jioni 335, asubuhi 321. Ukimtazama ungeapa ameshiba: kimya, kajilalia zake pembeni. Kumbe kapoa! Wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hawezi kujipasha joto mwenyewe, na akishapoa hanyonyi, hata ukimlazimishia maziwa tumbo haliyasagi. Nikamweka kifuani ndani ya kitenge karibu saa nzima kabla ya kumpa chochote. Kisha nikambandua Mwekundu, lile bonge, kwenye chuchu za nyuma zenye maziwa mengi, nikambandika yeye. Tangu hapo wakanyonya kwa zamu, makundi mawili, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Siku ya 9 Kijani akafika 690.

Njano alikufa usiku wa tatu. Namba zake nazo zilikuwa zinashuka, mimi nikawa nasema labda mzani umekosea.

Haukukosea. Kasoro yake ni kujizima haraka mno. Mtoto anatapatapa, namba zinarukaruka, kabla hazijatulia giza. Nikajifunza kutandika kitaulo ndani ya bakuli, kubonyeza sifuri, ndipo namlaza kifudifudi anatulia. Betri za dukani zilikufa siku ya nne, saa tisa usiku, nikachomoa za rimoti ya tivii.

Kopo la maziwa ya unga ya watoto wa mbwa niliagiza Arusha, likafika siku ya sita. Ni mazuri, hayaharishi kama ya ng'ombe, ila nimetumia robo tu, kwa wale wawili waliobaki nyuma. Ningeanza na mzani, kopo baadaye.

Jumapili mama mkwe alikuja, akaukuta mzani juu ya kabati, mkojo umekauka pembeni ya kitufe. Keki yake nilipima kwa kikombe.