Ramani ya ukutani ya chui milia: bahari wameitendea haki, kadi hapana

Hii ramani imekaa ukutani kwangu mwezi wa tatu sasa na kila nikipita lazima nisimame kidogo, kwahiyo acha niisemee. Ni ile kubwa ya Asia nzima inayoonyesha chui milia walikuwa wapi zamani na leo wamebaki wapi, inakuja na kadi tisa, kila aina na kadi yake. Karatasi nzito, haijikunji, rangi hazijapauka, hapo sina neno.

Kilichoniteka ni bahari. Yaani wamechora pwani ya sasa halafu chini yake wakapitisha mstari hafifu wa pwani ya enzi za barafu, wakati maji mengi yaliganda na bahari ikashuka zaidi ya mita 100, na hapo ndo unaona Sumatra, Java na Bali sio visiwa tena, ni nchi kavu moja imeshikana na rasi ya Malaya. Siku zote nilikuwa najiuliza chui alifikaje Bali, na ndio, chui milia anaogelea vizuri sana, ila kumbe kulikuwa na njia ya miguu kabisa! Baadaye maji yakarudi kila kundi likabaki kisiwani kwake, wa Bali na wa Java wakaja kuisha karne ya 20 kwa bunduki na kukatiwa misitu, kwenye visiwa vile sasa wamebaki wa Sumatra tu. Inauma kuangalia hizo sehemu mbili zilizopakwa kijivu.

Sasa kadi. Chui wote wamechorwa saizi moja, na hili kwangu ni kosa kubwa maana dume la Sumatra ni kama kilo 100 hadi 140 wakati la Siberia linaweza kuvuka 200, manyoya mazito, rangi imefifia, wa Sumatra ana rangi iliyokolea na milia imebanana. Mtoto akiangalia zile kadi atajua wametofautiana rangi ya fremu basi.

Lakini kilichonikera zaidi ni chui wa Kaspi, yule aliyekuwa kuanzia Uturuki na Iran mpaka Asia ya Kati, ameshaisha. Wamempa rangi nyekundu, wa Siberia kijani, kama watu wasiojuana. Mwaka 2009 watafiti walipima DNA ya mabaki yaliyotunzwa makumbusho wakakuta hao wawili karibu ni kitu kimoja! Maelezo yao ni kwamba chui walitoka China wakaingia Asia ya Kati kwa upenyo uleule ambao baadaye misafara ya hariri iliupita, halafu kutoka huko wakasambaa mpaka Siberia. Huo mshale kwenye ramani haupo. Na ndo maana 2024 Kazakhstan walipoanza safari ya kurudisha chui kule ziwa Balkhash walileta wawili wa Siberia kutoka kituo kimoja Uholanzi, sasa kwa hii ramani utadhani wameleta wageni.

Halafu hizo aina tisa zenyewe zina mjadala, 2017 wataalamu wa jamii ya paka wa IUCN, lile shirika la kimataifa la uhifadhi, walipendekeza ziwe mbili tu, wa bara na wa visiwani, mwaka uliofuata utafiti wa jenomu nzima, yaani DNA yote ya mnyama, ukasema makundi sita yaliyo hai yanatofautiana kweli, ingawa babu yao wa pamoja ni wa miaka kama 110,000 tu iliyopita. Mimi naegemea hao wa sita, ila hata hivyo bara hakukuwa na ukuta kati ya chui wa India na wa Myanmar, rangi zingeingiliana taratibu badala ya kukatwa kama mipaka ya nchi.

Nyota nne kwa ramani, mbili kwa kadi. Kama zinauzwa mbalimbali chukua ramani peke yake. Mshale wa Kaspi kwenda Siberia nimeshauchora mwenyewe kwa penseli.