Ziara ya Kilwa Kisiwani: mwongozaji safi sana, ratiba ndo imetuangusha

Kama unapenda historia ya pwani yetu na hujafika Kilwa Kisiwani, panga uende aisee, na ukifika chukua mwongozaji wa palepale, maana bila yeye utaona kuta za matumbawe tu, upige picha uondoke. Sisi tulipewa kijana mzaliwa wa kisiwani, nampa nyota tano bila kusita.

Shuleni tulikariri masultani wa Kilwa na miaka yao ila hakuna aliyetuambia kwa nini utajiri wote ule ukae kwenye kisiwa kidogo vile. Huyu alianzia hapo. Akatusimamisha karibu na Gereza, ile ngome kongwe ya kisiwani, tukiutazama mji wa Kilwa Masoko ng'ambo, akasema angalieni maji yalivyotulia, bandari ina kina, jahazi linaingia bila wasiwasi. Alafu akaja kwenye upepo: kaskazi inawaleta wafanyabiashara kutoka Arabuni na Bara Hindi, kusi inawarudisha kwao, sasa ukishapita Kilwa kuelekea kusini zaidi inakuwa ngumu kuwahi kurudi msimu huohuo. Kwa hiyo dhahabu ya Sofala, Msumbiji ya leo, ikawa inaletwa Kilwa na sultani anakula ushuru wake hapo. Ndo hela iliyojenga jumba la Husuni Kubwa na kupanua Msikiti Mkuu miaka ya 1300, enzi za sultani al-Hasan bin Sulaiman, huyohuyo aliyempokea Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Morocco, mwaka 1331. Sarafu yenye jina lake imeokotwa hadi Great Zimbabwe, ule mji wa kale wa mawe nchini Zimbabwe, mbali kote huko bara!

Na Wareno nao hawakuja 1505 kwa bahati mbaya, walikuwa wanaitaka dhahabu hiyohiyo. Wakaupiga mji, wakajenga ngome, na 1512 wakawa wameshaondoka. Gereza lililosimama leo kwa sehemu kubwa ni la Waomani, limejengwa juu ya mabaki ya ngome ya Wareno, na jamaa alituonyesha kabisa ukuta kwa ukuta.

Sasa lawama. Kampuni iliyotupangia safari kutoka Dar ilitupa nusu siku tu, na Husuni Kubwa ikawekwa mwisho wakati iko mbali na magofu mengine, unatembea kwa mguu juani. Tumefika pale juu ya mwamba, bahari iko chini yako, kuna bwawa la kuogea la pembe nane limechongwa vizuri mpaka unajiuliza mafundi wale walipimaje, mara tunaambiwa haya twendeni boti inasubiri. Iliniuma kwa kweli, hela tumelipa na sehemu bora kuliko zote tumeipita mbiombio.

Ushauri wangu lala Kilwa Masoko, kata kibali hapohapo kabla ya kuvuka, vuka asubuhi na mapema, beba maji ya kutosha na kofia, na mwambie mwongozaji aanze na Husuni Kubwa jua likiwa bado halijawa kali.