Ofisi ya wakili iliyoniondolea zuio la kiwanja, Mtwara Mjini

Nilishindwa kesi ya madai ya mzigo wa korosho, na kiwanja changu cha biashara kilichopo Masasi kikakamatwa kwa amri ya mahakama, yaani kikawekewa zuio ili kiuzwe kwa mnada kulipa deni. Nikakata rufaa Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Mtwara, nikiamini kwamba rufaa peke yake inamzuia dalali wa mahakama asikiuze, kwa sababu mwanasheria wa kwanza niliyemwendea hakunieleza vinginevyo.

Ofisi ninayoisifu hapa, iliyopo Ligula, ilinisahihisha siku ya kwanza. Wakili alifungua Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, akanisomea Amri ya 39, kanuni ya 5: rufaa haisimamishi utekelezaji wa hukumu, bali mkata rufaa huomba, akionyesha kwamba atapata hasara kubwa, kwamba hakuchelewa kuomba, na kwamba ameweka dhamana ya kutimiza atakachoamriwa mwishoni.

Jambo lililonifaa zaidi ni tofauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mwingine. Amri ya kusimamisha utekelezaji huzuia mnada, lakini haiondoi ukamataji, kwa hiyo kiwanja hubaki kimefungwa na huwezi kukiuza wala kukiweka rehani muda wote wa rufaa, hata ikichukua miaka. Mimi nilihitaji mkopo wa msimu. Wakili akashauri tuiombe mahakama ikiachie kiwanja na badala yake ipokee dhamana ya benki (ahadi ya benki kulipa nikishindwa) inayolingana na kiasi cha tuzo, yaani deni nililoamriwa kulipa, pamoja na gharama, ili aliyenishinda kesi asipoteze kinga yake, na hati ya kiapo ikaeleza hivyo kwa lugha niliyoielewa kabla sijaapa. (Nyumba ninayoishi na familia haikuguswa, kwani sheria huikinga makazi ya mdaiwa.)

Nina lawama moja. Ada ya uwakili niliijua mapema, lakini gharama za benki kwa ajili ya dhamana niliambiwa wakati maombi yameshasajiliwa, nikalazimika kuhangaika. Mteja anastahili kuelezwa yote kabla ya kutia saini.

Maombi yalikubaliwa. Karani wao mwenyewe alipeleka nakala ya amri iliyothibitishwa kwa Msajili wa Hati, anayetunza daftari la umiliki wa ardhi, akieleza kwamba zuio lililoandikwa kwenye daftari halifutiki bila hatua hiyo. Upekuzi wa daftari hilo nilioufanya baadaye ulionyesha kiwanja hakina zuio, na rufaa yangu inasubiri kusikilizwa.