Gemu yako ya kwanza ya ngumi, na pedi ya kuichezea

Waliokulia kwenye mabanda ya PS (PlayStation) wanaijua sheria: unalipa hela ya andazi, unacheza, ukifungwa unaachia pedi. Gemu ilikuwa Tekken 3, na mtoto aliyeingia kwa mara ya kwanza alielekezwa kwa Eddy Gordo, kwa sababu ukiminya X na duara bila mpangilio Eddy anazunguka chini kama pangaboi, na mwenzako hajui akinge juu au akinge chini. Hakuna aliyetuambia kwamba ile ni kapoera ya Brazili. Tulichojua ni kwamba anaua.

Naanzia huko kwa sababu wengi wanaoniuliza "ninunue ipi?" wanaitafuta raha ile. Wananunua gemu mpya, wanaiwasha usiku peke yao chumbani, wanapata kipigo cha mbwa mwizi kutoka kwa mtu wasiyemjua mara kumi na tano mfululizo, na wiki ya pili diski iko kwenye kundi la WhatsApp inatafuta mteja. Bandani kulikuwa na mtu wa kukupiga ambaye uliweza kumgeukia ukamuuliza, "We, hiyo umeifanyaje?" Chumbani hayupo. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa maswali mawili: nani atakupiga, na gemu yenyewe itakusaidiaje kuelewa ulivyopigwa. Uzuri wa picha nimeuacha, siku hizi zote ni nzuri.

Gemu

Nafasi ya kwanza naipa Street Fighter 6 ya Capcom, iliyotoka Juni 2023. Inachezwa kwenye PS4, PS5, Xbox Series, kompyuta, na tangu Juni 2025 kwenye Nintendo Switch 2 pia. Kilichoipandisha ni mpangilio wa vitufe uitwao Modern. Kwa miaka zaidi ya 30, kurusha ule moto wa Ryu, mhusika maarufu wa Street Fighter, kulitaka uanze mshale wa chini, uuzungushe hadi mbele, halafu ngumi, yote kufumba na kufumbua. Mgeni alimaliza mwezi akipigana na kidole gumba chake kabla hajaanza kupigana na mpinzani. Kwenye Modern unabonyeza kitufe kimoja, moto unatoka. Bei yake ni kwamba mpigo maalumu ukiutoa kwa njia hiyo ya mkato unapungua nguvu kwa asilimia 20, na baadhi ya mipigo haimo kabisa. Wakongwe wananuna wakikuona unautumia. Waache wanune. Ukishajua lini pa kuruka na lini pa kukinga, unaweza kuhamia Classic yenye vitufe sita, au ukabaki ulipo. Wote hukutana kwenye mechi zilezile za madaraja.

Mtandaoni, mwenye PS4 anacheza na mwenye kompyuta na mwenye Xbox, hivyo hata usiku wa manane hukosi mtu. Mawasiliano yakichelewa, gemu inakisia mwenzako anafanya nini, na ikikisia vibaya inarudi nyuma kipande kidogo sana cha sekunde na kujisahihisha. Ujanja huo unasaidia, ila haufupishi dunia: mtu wa Dar akikutana na mtu wa Tokyo, wahusika wataruka-ruka kama panzi. Nenda kwenye mipangilio, iambie ikutafutie tu watu ambao mawasiliano yako nao ni mazuri.

Kuna pia World Tour, ambamo unaunda mtu wako na kuzunguka mjini ukijifunza mipigo kwa mabingwa. Mimi ilinichosha. Mtoto wa dada yangu aliimaliza yote, na akitoka huko alishajua kukinga, jambo lililonichukua mimi miaka bandani.

Nafasi ya pili, ambayo kwenye nyumba nyingi za huku itakuwa ya kwanza, ni Tekken 8. Ilitoka Januari 2024, kwa PS5, Xbox Series na kompyuta peke yake. Mwenye PS4 asidanganywe na muuzaji. Kama una ndugu, majirani au wafanyakazi wenzako waliolelewa na Tekken 3, usinisikilize habari za Ryu, nunua hii. Vidole vyao bado vinakumbuka: mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, X mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Tangu enzi za bandani hakuna kilichobadilika hapo. Jioni moja tu mtu aliyekaa miaka ishirini bila kushika pedi anaanza kutukana.

Kwa anayejifunza peke yake ni ngumu zaidi. Ilianza na wahusika 32, na wengi wao wana mipigo zaidi ya mia. Hakuna anayeijua yote. Lakini ina kitu kimoja ambacho ningetamani gemu zote zikiige: ukirudia kutazama mechi uliyofungwa, inasimama na kukuonyesha pale ungeweza kurudisha, na kwa mpigo gani, kisha inakuruhusu ushike pedi uingie mwenyewe ndani ya marudio ujaribu. Ni yule jirani wa bandani, kapatikana ndani ya mashine. Upo pia mtindo uitwao Special Style, unaouwasha na kuuzima kwa kitufe kimoja katikati ya pambano, unaokupa mipigo mizuri bila kukariri. Jiandae na nafasi ya GB 100 hivi. Na Eddy? Hakuwemo gemu ilipotoka. Aliongezwa Aprili 2024, anauzwa kando. Nimelisema hili mbele ya watu wazima nikaona nyuso zikibadilika.

Kama unadhani kujifunza mtaani ni mambo ya kizamani, mkumbuke Arslan Ash wa Lahore, Pakistani. Mwaka 2019 alishinda Evo Japani, kisha Evo ya Las Vegas, mashindano makubwa ya gemu za ngumi, kwa Tekken 7, na kabla ya hapo nje ya kwao karibu hakuna aliyemjua. Alinolewa na watu wa mjini kwao. Hapa jirani, Sylvia Gathoni wa Kenya, maarufu kama QueenArrow, amejijengea jina kwa Tekken hiyohiyo ya 7. Nayo bado ni chaguo la heshima kwa mwenye PS4: ilitoka Juni 2017, diski zake zilizotumika si ghali, na kwa kucheza sebuleni haina kasoro kubwa. Mtandaoni ndiko inakozidiwa na ya 8.

Nafasi ya tatu: Mortal Kombat 11 ya mwaka 2019, iliyotumika. Usiichanganye na Mortal Kombat 1 ya 2023, ambayo licha ya namba yake ni mpya zaidi na haiingii PS4. Faida ya MK ni kwamba kukinga kuna kitufe chake. Kwenye Street Fighter na Tekken unakinga kwa kurudi nyuma, na mgeni akitishwa anasonga mbele, anakula konde. Sehemu yake ya mafunzo ni nzuri mno. Inakueleza hadi kwa nini mpigo wako ulichelewa. Ina hadithi ndefu ya kucheza peke yako, ingawa baadhi ya sehemu hazifunguki bila intaneti. Hasara unaijua: mifupa inavunjika, matumbo yanatoka, na siku zote mama anaingia sebuleni wakati huohuo. Nyumba yenye watoto, iache.

Ambaye hataki kutoa hata senti apakue toleo la bure la Granblue Fantasy Versus: Rising, lipo PS4, PS5 na kompyuta. Unapewa mhusika mmoja wa kudumu na wengine wachache wanaobadilishwa, na mipigo maalumu inatoka kwa kitufe kimoja. Wenzako mtaani hawatakuwa wameisikia, ndiyo maana iko chini. Guilty Gear Strive ni nzuri kupindukia lakini ina kasi, iwe ya pili. Dragon Ball FighterZ nunua kama unampenda Goku wa katuni za Kijapani. Unachezesha timu ya watu watatu kwa kuwabadilisha na kichwa kitauma. Laptopu dhaifu? Skullgirls au Brawlhalla, basi.

Pedi

Dukani ukiuliza "pedi orijino" na muuzaji wa pembeni akacheka, vumilia, neno ndilo hilo.

Nafasi ya kwanza ni pedi uliyonayo, kama ni nzima na si feki. Mwaka 2014 Mfaransa aitwaye Luffy alishinda Evo kwenye Ultra Street Fighter IV akitumia pedi ya PlayStation ya kwanza, ile ya kijivu. Mwaka 2019 Mmarekani iDom alichukua Capcom Cup, mashindano ya Street Fighter, akitumia pedi, si stiki, ule mkono wa mashine za sarafu. Mwenye wiki mbili za uzoefu hana sababu ya kulaumu kifaa.

Shida yetu ni feki. Pedi za PS4 za bandia zimejaa madukani, na kwa nje zinafanana na za kweli hadi nembo. Mimi niliuziwa moja "imetoka Dubai jana"; mshale wa juu ulikuwa unasoma juu-kulia, nikawa naruka mbele kila nikitaka kuruka juu, nikajiona mjinga wiki tatu nzima. Siku hizi siondoki dukani bila kujaribu. Omba wachomeke kwenye mashine yenye gemu ya ngumi, fungua sehemu ya mazoezi, washa maandishi yanayoonyesha vitufe unavyobonyeza. Zungusha kidole kwenye mishale polepole: lazima uone pande nane, kila moja mara moja. Achia mikono kabisa: kama mhusika anatembea mwenyewe, analogi (kile kijiti cha kusukuma kwa kidole gumba) imekufa. Halafu bonyeza ile sehemu bapa ya kugusa katikati na uchomeke spika za masikioni. Feki nyingi zinaumbukia hapo.

Kwa gemu hizi zoea mishale kuliko analogi. Na tumia waya. Pedi ya PS4 toleo la pili, yenye mstari wa taa unaoonekana juu ya sehemu ya kugusa, inaweza kupeleka mawasiliano kwa waya wa USB ukibadilisha kwenye mipangilio. Ile ya kwanza waya wake ni wa kuchajia tu. Mwenye PS5 ajue kwamba pedi ya PS4 haichezi gemu za PS5. Ukitaka kumkaribisha mgeni kwenye Tekken 8, tenga hela ya DualSense (pedi ya PS5) ya pili, na hiyo ndiyo itakuumiza kuliko gemu.

Nafasi ya pili ni pedi ya waya iliyotengenezwa kwa gemu za ngumi, yenye vitufe sita usoni, kama Fighting Commander ya Hori. Inafaa kwa anayecheza Street Fighter kwa Classic. Kwa Tekken, usihangaike.

Nafasi ya tatu ni ule ubao wa vitufe vitupu usio na mkono wa kushika, ambao kampuni ya Hit Box iliupa umaarufu na sasa viwanda vya China vinautoa kwa bei nafuu. Kuruka ni kidole gumba. Ni mwepesi na hauchoshi kiganja, ila wiki mbili za mwanzo utajihisi unajifunza kupiga chapa upya. Hakikisha unakubaliwa na mashine yako. Nyingi za bei nafuu zinaishia kwenye kompyuta.

Mwisho kabisa stiki. Nilinunua moja nzito kama tofali kwa sababu nilimwona bingwa wa Korea akiichapa. Sikuwahi kuingia kwenye zile kumbi za mashine za sarafu ilikotoka, mkono wangu haukuwa na kumbukumbu yoyote ya kuamsha. Sasa iko juu ya kabati, na mke wangu ameiwekea kitambaa cha mezani.

Kabla hujatoa hela

Angalia diski ni ya eneo gani. Kwenye PlayStation, wahusika wa kununua kando lazima wawe wa eneo moja na diski. Diski ya Ulaya na akaunti ya Marekani hazielewani, na hela harudishi mtu. Nunua toleo la kawaida, si lile la bei juu lenye wahusika wa miaka yote, maana utacheza na mmoja. Ongeza gharama ya PS Plus kama utacheza mtandaoni kwenye PlayStation. Kwenye kompyuta hakuna ada hiyo. Runinga iweke kwenye hali ya gemu, la sivyo utabonyeza na ngumi itachelewa kutoka.

Halafu jaribu bure kwanza. Street Fighter 6 ina onyesho (demo) lenye Ryu na Luke, Tekken 8 ina la Jin, Kazuya, Paul na Nina. Mwite mtu mmoja aje na pedi yake, jioni mbili tu. Itakayowafanya mgombanie zamu, nunua hiyo.