Rilei ya hita imekufa: ununue ipi kwa pikapu ya dizeli ya nyanda za juu

Saa kumi na moja alfajiri, Isongole. Magunia ya viazi yako kando ya barabara, wapakiaji wamejikunyata kwenye makoti, na wewe unapiga stata. Injini inazunguka vizuri, moshi mweupe unafuka, gari haliwaki. Kijana mmoja ameshakwenda kutafuta maboksi ya kuchoma chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Asubuhi za namna hiyo nimezipitia na Hilux yangu ya injini ya 3L, na tatizo lilikuwa rilei ya hita, ile swichi inayopitisha umeme wa betri kwenda kwenye plagi za kupasha silinda kabla ya kuwasha. Niliinunua mara tatu ndani ya msimu mmoja kabla ya kupata inayokaa. Ukiwa Dar es Salaam unaweza kuishi na hita mbovu miaka. Huku Uyole, Njombe au Makete mwezi wa sita, huwezi.

Kabla hujatoa hela, hakikisha mgonjwa ni rilei kweli. Fungulia swichi bila kupiga stata, mwenzako ategeshe sikio chini ya boneti. Lazima isikike "tak". Kisha weka mita kwenye kile kibamba kinachounganisha plagi za hita. Ukikuta umeme unafika vizuri, rilei ni nzima na waliokufa ni plagi. Ukisikia "tak" lakini umeme haufiki, angalia kwanza fyuzi kubwa inayotoka kwenye betri. Ikiwa nzima, vigusano vya ndani ya rilei vimeungua. Isipolia kabisa, fuatilia waya mdogo unaoiamuru na waya wa hasi kwanza, maana nimeona watu wakibadilisha rilei mbili kwa sababu ya waya ulioliwa na kutu. Ile taa ya deshibodi yenye umbo la springi usiitegemee. Kwenye Toyota nyingi za zamani inaendeshwa na taima tu, itawaka na kuzima hata kama plagi zote ni maiti.

Dukani kuna mambo matatu usiyoyajadili: volti, ampea na namba iliyochapwa kwenye mwili wa rilei. Hilux ni volti 12, lakini Canter nyingi na baadhi ya Land Cruiser ni 24. Rilei ya 24 ukiifunga kwenye 12 haivuti. Ya 12 kwenye 24 inaungua koili, ule waya uliozungushwa ndani unaovuta vigusano. Chukua ile mbovu mkononi uende nayo. Tena kuna injini zenye rilei mbili za hita, moja ya kupasha haraka na nyingine inayopitisha umeme kwenye rizista ya kuupunguza, kwa hiyo "ya Hilux" peke yake si jibu.

Sasa mpangilio wangu. Najua mafundi watanibishia kwenye namba moja.

1. Mtumba wa orijino, uliopimwa mbele yako

Hizi ni zile zinazong'olewa kwenye magari ya Japani, zina bolti mbili nene na soketi yake ndogo. Naiweka juu ya mpya kwa sababu moja: mtumba unaweza kuupima, boksi jipya unaliamini kwa macho. Ila usikubali kipimo cha "sikia, inalia". Kulia ni koili tu. Kazi inafanywa na vigusano.

Mimi huenda na mita na balbu ya taa kubwa ya wati 55. Naomba betri ya pikipiki pale dukani, ambayo haikosekani. Naiamsha rilei kwa pini zake ndogo, napitisha umeme wa balbu kwenye bolti mbili kubwa, kisha naweka mita ya volti kwenye bolti hizohizo, balbu ikiwa inawaka. Mita inatakiwa isome karibu na sifuri. Mara moja ilisoma 0.1, muuzaji akacheka, "Bosi, pointi moja hiyo nayo unaikataa?"

Naikataa, ndiyo. Balbu ile inakula kama ampea 4.5 tu. Plagi nne za hita zikiwa baridi zinaweza kuvuta ampea 60 kwa pamoja, na hapo 0.1 inageuka kuwa zaidi ya volti 1.3. Hiyo ni kama wati 80 za joto zinazochemka ndani ya kidude kinachoenea kiganjani. Kitayeyuka. Niliomba nyingine, ya nne ndiyo ikasoma sifuri, na ndiyo iliyoko kwenye gari mpaka leo.

2. Mpya ya kampuni inayojulikana

Denso, Bosch, Hella. Ukiipata ya kweli, yenye namba ileile, inaipita mtumba kwa maisha. Shida ni hilo neno "ya kweli", na bei. Mara nyingi utaagiza Kariakoo ije kwa basi, kwa hiyo gari lilale siku mbili. Kama gari lako bado jipya na lina kompyuta inayoongoza hita, usihangaike na namba moja wala tatu, nenda hapa moja kwa moja.

3. Rilei kubwa ya kawaida, ampea 70 au 80

Haikutengenezewa gari lako, lakini inafanya kazi ikifungwa na fundi umeme anayejiheshimu. Namba zake ni rahisi: 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye plagi, 85 na 86 ni koili. Waya wa 30 na 87 uwe mnene, na fyuzi ikae karibu na betri.

4. Mpya isiyo na jina, inayofanana na orijino

Yangu ya pili ilikuwa hii. Ilidumu wiki chache, ikagandia ndani. Rilei iliyogandia ni mbaya kuliko iliyokufa: plagi zinawaka safari nzima, zinaungua, na ncha inaweza kukatika ikaangukia ndani ya silinda.

Nje ya orodha: kile kiboksi cha miguu minne au mitano cha ampea 30 au 40, kinachouzwa kwa bei ya lita mbili tatu za dizeli. Ni kizuri kwa honi na taa. Mimi nilikifunga kwenye hita nikaona nimewini. Kilidumu siku nne, plastiki ikatiririka. Swichi ya kubonyeza ya kuunga dairekti naielewa kama ya kukufikisha nyumbani, basi. Na dawa ya kupuliza kwenye hewa ya injini usiitumie kama hita zinafanya kazi, inaweza kulipukia humo humo.

Ukishapata rilei, usiifunge kabla ya kupima plagi. Ondoa kibamba, shika waya mmoja wa balbu kwenye chanya ya betri, mwingine ugusishe kwenye kichwa cha plagi, moja baada ya nyingine. Balbu ikiwaka, plagi inapitisha. Yangu ya silinda ya tatu haikuwaka.